Je, wajua? Elvis, mwanamuziki wa rock wa Marekani, hakukanyaga chuo, lakini alikuwa mwanachama wa udugu wa wanachuo. Ilikuwaje?

Elvis Presley alimaliza sekondari ya Humes mjini Memphis mwaka 1953, akapata kazi ya kuendesha lori la kampuni ya umeme, na Julai 1954 akaingia studio za Sun kurekodi wimbo uliomtoa. Kati ya lori na studio hakuna chuo. Hata hivyo jina lake limo katika orodha ya wanachama mashuhuri wa Tau Kappa Epsilon, chama cha udugu wa wanafunzi wa vyuo vikuu kilichoanzishwa Illinois mwaka 1899. Ni chama kilekile cha Ronald Reagan, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, ambaye yeye alikipata kihalali akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Eureka.

Mambo yalikwenda hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Elvis akiwa amesharudi kutoka jeshini Ujerumani, tawi la chama hicho katika chuo cha Arkansas State liliamua kumpa uanachama wa heshima. Wanafunzi wakavuka mto Mississippi hadi nyumbani kwake Graceland, wakampa ngao, wakapiga naye picha, basi akawa ndugu. Mmoja wa vijana hao, Rick Husky, baadaye aliingia kwenye televisheni na ndiye aliyebuni tamthilia ya polisi ya T.J. Hooker, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1982.

Kwa asiyevijua vyama hivi: vingi hujiita kwa herufi mbili tatu za Kigiriki, vina viapo na siri zake, na vingi vina nyumba ambamo wanachama hulala, hula na kufanya sherehe. Kijana huomba, hupimwa kwa majuma kadhaa, kisha hupokelewa kwa maisha yake yote. Kipimo hicho mara nyingine hugeuka mateso, na kimewahi kuua. Cha kwanza chenye herufi za Kigiriki, Phi Beta Kappa, kilizaliwa Virginia mwaka 1776, na kwa miaka mingi sasa kimekuwa tuzo tu ya wanafunzi wanaofaulu sana.

Sasa, mtu akizisoma orodha za mastaa ambazo kila chama huzitangaza kwa fahari, wazo la kwanza linalomjia ni kazi za kujuana. Ndugu mmoja kaingia Hollywood, kamvuta mwenzake, na huyo kamvuta wa tatu. Wazo hili lina mvuto kwa sababu kujuana tunakujua. Hakuna haja ya kuelezwa. Ndiyo maana linafaa kupimwa kwa majina, na Sigma Chi, chama kilichoanza Ohio mwaka 1855, kinatupa majina manne mazito: waigizaji wa filamu John Wayne, Warren Beatty na Brad Pitt, na mtangazaji wa televisheni David Letterman.

John Wayne, wakati huo akiitwa Marion Morrison, alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, miaka ya 1920. Aliumia bega akicheza na mawimbi baharini, ufadhili wake wa masomo ukapotea, na chuo kikamshinda. Aliyemtafutia kazi ni kocha wake, Howard Jones, aliyekuwa akimpatia tiketi za mechi Tom Mix, staa wa filamu za kimya za makauboi. Kwa fadhila hiyo kijana akapewa kazi ya kubeba samani na vifaa katika studio za Fox, na hapo akakutana na mwongozaji John Ford. Kujuana kupo hapa, tena kwingi! Lakini kulipitia uwanja wa mpira na tiketi, hakukupitia nyumba ya ndugu.

Beatty alisoma Northwestern mwaka mmoja tu, akaacha, akaenda New York kujifunza uigizaji kwa mwalimu Stella Adler. Letterman alisoma Ball State huko Indiana, na redio ya chuo ikamwondoa kwa sababu hakuuheshimu muziki wa klasiki aliopewa kuutangaza. Baadaye, akiwa mtangazaji wa hali ya hewa Indianapolis, aliipongeza dhoruba moja kwa kupandishwa cheo kuwa kimbunga. Pitt aliondoka Chuo Kikuu cha Missouri zikiwa zimebaki wiki mbili ahitimu, akaendesha gari hadi Los Angeles, na miongoni mwa vibarua vyake vya mwanzo ni kuvaa vazi la kuku ili kuwavutia wateja wa mgahawa wa El Pollo Loco. Kwa mtu anayedhaniwa kuwa na mtandao wa ndugu mjini, vazi la kuku ni mwanzo wa ajabu kidogo.

Vyuo vinne, miongo tofauti, njia nne zisizokutana. Kinachowaunganisha ni orodha yenyewe, na orodha ndiyo inayohitaji kuelezwa.

Fikiria ukoo mkubwa ambao mtoto wake mmoja ameteuliwa kuwa waziri. Mwezi mmoja kabla, alikuwa na binamu sita. Sasa ana arobaini, na wengine wamekumbuka kwamba bibi zao walinyonya ziwa moja. Kwenye harusi mshereheshaji anamtaja waziri, anamtaja daktari wa Muhimbili na yule aliye Ulaya. Wale mia tatu wanaolima, wanaoendesha bodaboda na wanaosubiri ajira hawatajwi, ingawa ndio waliojaza ukumbi. Kizazi kijacho kinapokea majina yale matatu tu. Mgeni akiyasikia atasema ukoo huu una damu ya uongozi. Na tuseme, kwa kuwa ukoo una fedha kidogo, unawakaribisha pia watu maarufu wasio wa damu, unawaita wana kwa heshima, na majina yao yanaingia kwenye ukurasa uleule. Hapo hata mjukuu wa ukoo wenyewe hatajua nani alizaliwa humo na nani aliletwa akiwa tayari ana jina.

Hivyo ndivyo orodha hizi zinavyojengwa. Sigma Chi imepokea mamia ya maelfu ya vijana tangu 1855, na kila mmoja, hata aliyekaa mwaka mmoja kama Beatty, hubaki ndugu hadi kaburini. Ukichota watu wengi kiasi hicho, wengi wao kutoka familia zilizoweza kulipa ada ya chuo na ya chama, utapata waigizaji, maseneta, wanaanga na wafungwa. Wafungwa hawapigiwi tarumbeta.

Vyuo vyenyewe vina tabia hiyohiyo. Ted Turner, ndugu wa Kappa Sigma, chama kingine cha udugu, alifukuzwa Chuo Kikuu cha Brown, akaanzisha CNN mwaka 1980, na mwaka 1989 Brown ikampa shahada ya heshima.

Haimaanishi kwamba udugu haujawahi kumsaidia mtu kupata kazi. Katika biashara na siasa, kujuana kwa aina hii kuna nguvu inayoonekana, na si rahisi kutenganisha msaada wa ndugu na msaada wa baba mwenye pesa. Ila orodha ya mastaa haiwezi kuwa ushahidi wake.

Kuna njia moja ambayo vyama hivi viliilisha sanaa kweli, na haina uhusiano na kupeana kazi. Vilikuwa wateja. Nyumba ya vijana thelathini au hamsini wenye pesa kidogo na ukumbi wa kulia chakula inahitaji dansa, na dansa, kabla ya santuri kuwa na sauti ya kujaza ukumbi, ilihitaji bendi hai ya kulipwa. Katika Chuo Kikuu cha Indiana, mjini Bloomington, mwanafunzi wa sheria na ndugu wa Kappa Sigma aliyeitwa Hoagy Carmichael aligeuka kuwa dalali wa muziki huo: alipiga piano, akaongoza bendi yake, akaleta na za wengine. Majira ya kuchipua ya 1924 aliwaleta The Wolverines, bendi ya jazz ya kijana Bix Beiderbecke, mpiga koneti (tarumbeta fupi), wakapiga kwenye madansa ya vyama vya udugu. Carmichael akawapa kipande alichokitunga, nao wakakirekodi mwezi Mei mwaka huohuo kwa jina la Riverboat Shuffle.

Studio yenyewe, ya kampuni ya Gennett mjini Richmond, Indiana, ilikuwa ndani ya kiwanda cha piano kando ya reli, na treni ikipita kurekodi kulisimama. Humo ndimo Carmichael alimorekodi kwa mara ya kwanza Stardust, Oktoba 1927, baada ya kupata shahada yake ya sheria na kugundua kwamba sheria haimfai. Wimbo huo umerudiwa na wanamuziki wasiohesabika. Hapa unaweza kufuata uzi kwa kidole: pesa za dansa, bendi, wimbo, studio.

Bloomington hiyohiyo ina upande wa pili. Wanafunzi Weusi walikuwa wachache na mabweni yalifungwa kwao, na mwaka 1911 kumi kati yao wakaanzisha chama chao, ambacho leo ni Kappa Alpha Psi. John Singleton, aliyeongoza filamu ya Boyz n the Hood mwaka 1991 na kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupendekezwa kwa Oscar ya mwongozaji bora, ni wa chama hicho.

Katika vyama vya Weusi uanachama wa heshima una uzito mwingine. Waimbaji Lena Horne na Aretha Franklin walipewa heshima hiyo na Delta Sigma Theta, chama cha kina dada kilichoanzia Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1913. Mwimbaji wa jazz Ella Fitzgerald aliipata kwa Alpha Kappa Alpha, kilichozaliwa hapohapo mwaka 1908. Hakuna kati yao aliyesoma chuo. Horne alikuwa jukwaani Cotton Club, klabu ya muziki ya New York, akiwa na miaka 16, na Fitzgerald alishinda shindano la ukumbi wa Apollo wa jiji hilohilo mwaka 1934 akiwa na 17, wakati hana hata pa kulala pa uhakika. Ni kweli chama kilipata jina. Lakini nao walipata mahali pa kupokewa katika nchi ambamo hoteli walizoimba ziliweza kuwanyima chumba. Agosti 2018, mwili wa Aretha ulipowekwa katika Makumbusho ya Charles H. Wright mjini Detroit, siku ya kwanza alivalishwa nyekundu hadi viatu, rangi ya Delta, na dada zake wa chama wakaja jioni kumfanyia ibada yao ya kuaga.

Halafu kuna vichekesho. Mwandishi Chris Miller alikuwa wa chama cha Alpha Delta Phi katika chuo cha Dartmouth, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Harold Ramis alikuwa wa Zeta Beta Tau katika Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis. Miller aliyaandika maisha ya nyumba yake, ulevi na uchafu wote, kama hadithi fupi katika jarida la vichekesho la National Lampoon, na yeye, Ramis na Douglas Kenney wakazigeuza kuwa filamu ya Animal House ya mwaka 1978. Iligharimu takriban dola milioni 3 na kuingiza zaidi ya milioni 140. Vyuo kadhaa viliusoma muswada vikakataa kamera zisiingie. Chuo Kikuu cha Oregon kilikubali, na rais wake, William Boyd, akatoa hadi ofisi yake. Kwa hiyo mkuu wa wanafunzi mwenye hasira unayemwona kwenye filamu, akipanga jinsi ya kuifunga nyumba ya vijana wale, amekaa katika ofisi ya rais halisi wa chuo halisi.