Mkopo wa chuo si lazima ukubane kama mkopo wa benki

Wapo vijana wanaoacha kuomba mkopo wa masomo kwa kuamini kwamba wakihitimu bila kazi, deni litawafilisi. Hofu hiyo ina msingi katika mikopo ya kawaida, ambayo marejesho yake hayajali kama umelipwa mshahara au la. Baadhi ya mifumo ya mikopo ya wanafunzi, hata hivyo, haifanyi kazi hivyo.

Mwaka 1989 Australia ilianzisha utaratibu wa mhitimu kulipa kulingana na kipato chake. Uingereza nayo hufanya hivyo: mhitimu wa shahada ya kwanza hukatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi kiwango kilichowekwa. Kipato chako kikizidi kiwango hicho kwa pauni 1,000 kwa mwaka, unakatwa pauni 90. Ukiwa chini yake, hukatwi kitu, na salio linalobaki baada ya miaka iliyowekwa hufutwa. Riba, lakini, huanza kuhesabiwa ungali masomoni, na hilo wengi hawaambiwi mapema.

Si kila nchi ina utaratibu huu. Kwingine marejesho huanza muda fulani baada ya kuhitimu, na ukichelewa unatozwa faini. Kwa hiyo soma mkataba kabla ya kusaini: malipo yanaanza lini, riba ni kiasi gani, ukikosa kazi inakuwaje.

Na kabla ya yote, omba ruzuku na ufadhili. Fedha hizo kwa kawaida hazirudishwi, ingawa ukiacha masomo katikati unaweza kudaiwa sehemu yake.