Bi Kidude, Shikamoo Jazz na dhana potofu kuhusu wanamuziki wazee

Mwanamuziki mzee anapopanda jukwaani, wapo wanaompigia makofi kabla hajafungua kinywa, wakidhani kwamba muziki wake ulikwisha zamani na kilichobaki ni kumstahi tu. Aliyemtazama marehemu Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, akiwa amejifunga msondo kiunoni kwa kanga, ngoma ndefu ikiwa katikati ya miguu na viganja vyote viwili vikiitwanga ngozi, anajua kwamba huruma haikuwa na nafasi pale. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo. Ni kweli kwamba umri hubadili nyuzi za sauti, na sauti za wanawake wengi hushuka, lakini kushuka si kuharibika: mwimbaji mzoefu huuteremsha wimbo hadi pale sauti yake inapotulia, na hujua ni wapi avute pumzi.

Wengine huamini kwamba aligunduliwa ughaibuni, kwa sababu tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, aliipata mwaka 2005, uzeeni. Ukweli ni kwamba nyimbo alizipata kwa kumsikiliza Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyefariki mwaka 1950, na kwa miongo mingi alikuwa akiwacheza wari, yaani wasichana waliovunja ungo, katika unyago. Nguvu iliyowashangaza wageni ilikuwa ya mtu ambaye hakuwahi kuiacha kazi yake.

Kuhusu umri wake, alipofariki Aprili 2013 zilitajwa hesabu zilizopishana. Mwenyewe alisema alizaliwa enzi za rupia, fedha ya zamani. Ila rupia ilitumika Zanzibar hadi mwaka 1936, hivyo kauli hiyo peke yake haimpi mtu mwaka wa kuzaliwa.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba wakongwe wa muziki wa dansi, yaani wa bendi, waliacha muziki kwa kuchoka. Katika bendi nyingi za Tanzania vyombo vilikuwa mali ya shirika au ya tajiri, si ya wapigaji. Vilipokufa au kuchukuliwa, mpiga gitaa la solo alirudi nyumbani mikono mitupu, hata kama vidole vyake vilikuwa vyepesi kama zamani. Mwaka 1993, wazee wa namna hiyo walipopatiwa vyombo kwa msaada wa HelpAge, shirika la kusaidia wazee, waliunda bendi ya Shikamoo Jazz jijini Dar es Salaam, na miaka miwili baadaye walikuwa Uingereza pamoja na Bi Kidude, wakipiga muziki wa dansi.