Rafu ya pombe supamaketi: sheria ni ipi, sera ni ipi

Tukienda kuzungumza na wakazi wa Mombasa, iwe Likoni au Kisauni, swali huwa lilelile: "Si pombe ilipigwa marufuku supamaketi? Mbona naiona?"

Kilichozinduliwa na serikali ya Kenya Julai 30, 2025 ni sera ya kitaifa ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya, ambayo imepitia mikononi mwa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Inapendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe supamaketi, mtandaoni, wala kupelekewa mtu nyumbani. Fuo za umma nazo zimo kwenye marufuku hayo, na sisi wa Mombasa hapo ndipo panapotuuma. Lakini sera ni nia tu. Haimfungi mwenye duka mpaka iandikwe kuwa sheria.

Sheria iliyopo ni ile ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi wanaiita sheria ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Hiyo haikatazi supamaketi kuuza. Inachosema ni kwamba supamaketi isipewe leseni kama sehemu yenye pombe inafikiwa na mtu wa chini ya miaka 18. Ndiyo maana utakuta kona imezungushiwa kioo, na mtu amesimama mlangoni.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka moja upande wa Nyali. Mama mmoja alikuwa anasukuma toroli, mtoto wa miaka minne hivi amekaa kwenye kile kiti cha mbele. Dada wa kona ya pombe akamzuia: "Mamangu, mtoto abaki nje." Mama akaegesha toroli kando ya unga, akaingia, akatoka na chupa mbili za mvinyo, akazilaza juu ya nepi. Mtoto akaichukua moja, akaipakata mpaka kwa keshia. Sheria ilikuwa imetimizwa, hakuna aliyekosea.

Pengo ni hilo: mlango unalindwa, njia ya kutoka mlangoni hadi kwa keshia haina mwenyewe. Kwa maoni yangu, kabla ya kufunga kona zote, tungeanza kwa kudai keshia awe humohumo ndani na kitambulisho kionekane. Shirika la Afya Duniani linahesabu kupunguza upatikanaji wa pombe kuwa miongoni mwa hatua za gharama ndogo zenye manufaa makubwa, na sibishani nalo. Ila mnunuzi akifungiwa supamaketi atahamia kiduka cha mtaani ambako haulizwi lolote. Na mnazi, yaani pombe ya kugema kwenye minazi, ambao ndio kilio cha mitaa mingi huku kwetu, haujawahi kupita supamaketi.

Leseni zenyewe, kwa Jedwali la Nne la Katiba, ni kazi ya kaunti. Mswada wa kutekeleza sera hii ukifika Bunge la Kaunti, Ibara ya 196 ya Katiba inalilazimu bunge hilo kushirikisha wananchi. Ukija kutoa maoni, usiseme "tunapinga" ukakaa. Eleza duka liko mtaa gani, mtoto aliuziwa saa ngapi, na kama kitambulisho kiliulizwa.