Maana ya zamu ya kumpumzisha muuguzaji

Zamu ya kumpumzisha muuguzaji ni mpango ambao mtu mwingine hushika nafasi ya ndugu anayemuuguza mgonjwa nyumbani, kwa saa au siku zilizopangwa mapema, ili ndugu huyo alale, ashughulikie mambo yake au akatibiwe yeye mwenyewe, huku mgonjwa akiendelea kupata matunzo yaleyale. Jirani anayepita jioni kumjulia hali mgonjwa hajashika zamu. Mara nyingi muuguzaji humchemshia chai na kumsimulia upya ugonjwa ulivyoanza.

Nchini Marekani, Medicare, bima ya afya ya serikali iliyo hasa ya wazee, hulipia hadi siku 5 mfululizo za kulazwa kwa mgonjwa aliye katika huduma ya hospisi, yaani matunzo ya anayekaribia mwisho wa maisha, ili anayemuuguza apumzike. Kwetu mzigo huu hubaki kwa ukoo, na kwa kawaida humwangukia binti mmoja ambaye hakuna kikao kilichokaa kumchagua.

Tuchukue mama aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi asipate vidonda vya kulalia, hulishwa akiwa ameketishwa wima na kijiko kidogo kidogo, kwa sababu hupaliwa kwa urahisi, na dawa zake za presha zina saa zake. Binti ameyazoea haya kiasi kwamba hakumbuki kuyasema, na hapo ndipo anayempokea hukwama. Ni heri mpokeaji akae naye siku nzima kabla ya zamu ya kwanza, amgeuze na kumlisha mgonjwa kwa mikono yake, binti akitazama. Kisha saa za dawa, chakula alichokula na namba ya simu ya zahanati viandikwe katika daftari linalokaa kando ya kitanda.

Ndugu walio mbali, ambao hutuma fedha za dawa tu, wanaweza pia kumlipa mtu wa zamu mara mbili kwa wiki, na kwa maoni yangu hilo ni deni lao. Wasingoje binti aombe, kwani wengi huona haya kuomba wakihofia kuambiwa wamemchoka mama.

Mgonjwa naye aelezwe mapema, hata kama hawezi kujibu: "Mama, shangazi atalala nawe leo, nami nitarudi kesho baada ya adhuhuri." Na binti arudi saa hiyohiyo aliyoitaja.