Kireno cha Fall River hakijaharibika

Huko Fall River, Massachusetts, Marekani, baadhi ya wajukuu wa wahamiaji kutoka Azores, visiwa vya Ureno, huomba radhi kabla hawajafungua kinywa: "Kireno changu kibovu." Wameambiwa hivyo tangu utotoni, wakaamini. Si kweli. Ile "u" yao inayokaribia ya Kifaransa, midomo imechongoka na ulimi uko mbele, ni lafudhi halisi ya São Miguel, kimoja cha visiwa hivyo; haikuzaliwa Marekani. Maneno yao "estoa", yaani duka, na "friza" yametoka kweli kwenye Kiingereza, lakini yamevikwa sauti za Kireno. (Sisi Waswahili tulioazima maneno "meza" na "leso" kwa Mreno, na "friza" pia tunayo, tutamcheka nani?) Kinachowapungukia wengi ni Kireno cha darasani tu, maana chao walikiokota jikoni kwa bibi.