Je, wajua kwa nini noti moja ya gitaa la besi hufa mapema?

Piga uzi wa G, ulio mwembamba kuliko wote, kwenye freti ya nne (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gitaa): noti inaimba mpaka uchoke kuisubiri. Nenda freti ya sita, piga kwa nguvu ileile, na noti inatoka vizuri kisha inanyong'onyea papo hapo. Freti ya nane, uhai umerudi. Anayekutana na hili mara ya kwanza hubadilisha nyuzi, halafu hulaumu amplifaya, halafu fundi. Mara nyingi wote hawana kosa. Anayeiua noti ni shingo ya gitaa.

Shingo ni ubao mrefu ulioshikwa upande mmoja tu. Upande wa pili unaning'inia na umebeba kichwa chenye vyuma vizito vya kukazia nyuzi. Ubao wa namna hiyo una kasi zake za kutetemeka. Noti ikiangukia karibu na mojawapo, shingo nayo huanza kutikisika, na nguvu ya kuitikisa inachotwa kwenye uzi. Kwenye udi hasara hiyo ndiyo faida, maana mtetemo wa uzi ukihamia kwenye ubao wa mbele ndipo sauti inaposikika. Besi ya umeme haina haja nayo. Pikapu yake inafuata mwendo wa uzi wa chuma juu ya sumaku, kwa hiyo kinachomezwa na ubao hakifiki kwenye spika.

Kwenye besi nyingi za mtindo wa Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, ambazo shingo yake ni ya mbao na imefungwa kwa skrubu, pigo hili la noti kufa hupenda kuangukia uzi wa G kati ya freti ya tano na ya saba, yaani noti za C hadi D, mitetemo kama 131 hadi 147 kwa sekunde. Wajerumani Helmut Fleischer na Tilmann Zwicker walilipima jambo hili maabara miaka ya 1990 wakaona kwamba noti hufupika pale ambapo shingo inatikisika kirahisi kwa kasi ya noti hiyo.

Utajuaje kuwa ni shingo na si freti mbovu? Jaribio ninalolipenda halihitaji hata bisibisi. Legeza uzi wa G kwa nusu toni, yaani kiasi cha freti moja, kisha tafuta tena noti inayokufa. Kama ilikuwa freti ya sita na sasa imehamia ya saba, mwenye kosa ni shingo, kwa sababu yenyewe inajali kasi ya mtetemo, haijali namba ya freti. Ikibaki palepale, kagua freti: huenda hiyo imelika, au inayofuata imeinuka na uzi unaigonga. Kugonga huko kwa kawaida huambatana na mkwaruzo, jambo ambalo noti ya shingo haina. Yenyewe hufa kimyakimya. Mkwaruzo ukienea freti zote za mwanzo, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kinyumenyume. Na uzi mnene ukiyumbayumba kama una noti mbili ndani yake ukipanda freti za juu, shusha pikapu kidogo, kwani sumaku yake inauvuta.

Tukirudi kwenye shingo: dawa ya haraka ni uzito. Bana klampu ndogo ya seremala kwenye kichwa cha gitaa, ukiweka kitambaa ili rangi isichubuke. Uzito ukiongezeka, kasi ya shingo inashuka na pigo linahamia noti ya chini yake, au, ukibahatika, katikati ya noti mbili ambako halimsumbui mtu. Haliondoki, linahama tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 besi za mbunifu Ned Steinberger zilikwenda njia nyingine kabisa: kichwa kikakatwa, na shingo ikatengenezwa kwa nyuzinyuzi za kaboni zilizo ngumu kuliko mbao. Nafuu ilikuwa kubwa, ingawa wapo wanaoona sauti yake ni baridi mno kwao.

Asiyetaka kutundika chuma kwenye gitaa lake anaweza kuipiga noti ileile kwenye uzi wa D, freti tano juu zaidi. Kasi ni ileile, lakini mahali unaposhikwa uzi pamebadilika, na mara nyingi shingo pale haitikisiki kwa wepesi uleule. Na ukienda kununua besi, mpya au iliyotumika, pitia uzi wa G freti moja moja, ukiiacha kila noti mpaka iishe yenyewe, kabla hujataja bei.