Kampuni kuwa na leseni hakukulindii hela yako

Wiki hii tu nimeisikia mara tatu, na ya mwisho ilikuwa saa nne usiku, jamaa ananipigia anasema kaka, kasino niliyokuwa nachezea ina leseni kabisa ya Uingereza, sasa imegoma kunilipa, serikali yao inanirudishia lini hela yangu? Kazi yangu ni kusaidia watu wenye migogoro na kampuni za kubeti na kasino za mtandaoni, na hii imani ya kwamba leseni ni dhamana imenichosha, kwa sababu wanaoumia zaidi ni hawa hawa walioiamini.

Mdhibiti akitoa leseni maana yake ameangalia wenye kampuni ni kina nani, mtaji wao umetoka wapi, mabosi wana rekodi gani, michezo yenyewe imepimwa na maabara ya nje, akaona wafanye biashara. Baada ya hapo anawafuatilia, wakikosea anawapiga faini au anafuta leseni. Sasa hapo kuna sehemu gani aliyoahidi kukulipa wewe wakifilisika? Watu wanafananisha na benki, na benki sehemu nyingi kweli zina bima ya amana, lakini hela uliyoiacha kwenye akaunti ya kubeti haiingii kwenye bima hiyo.

Tuchukue hiyo hiyo Uingereza. Mdhibiti wao, Gambling Commission, alianzishwa na sheria ya 2005, na kampuni inayoshika hela za wateja lazima iziweke kwenye akaunti yake peke yake mbali na hela za kuendeshea biashara. Nikifika hapa mteja ananikatiza, si umeona sasa! Ngoja kwanza. Akaunti kuwa peke yake hakuzuii wadai wengine kuzifikia hizo hela kampuni ikifa, na ndio maana inalazimika kukwambia iko daraja gani kati ya matatu, bila ulinzi, ulinzi wa kati au ulinzi wa juu. Hilo la bila ulinzi linaruhusiwa! Yaani kampuni inaandika kwenye masharti yake kwamba ikifilisika hela yako inaweza kwenda nayo, na leseni yake ni halali kabisa, wewe umebonyeza nakubali bila kusoma.

Mfano ni Football Index, saiti ya kubeti iliyopata leseni 2015, watu wakawa wananunua kama hisa za wachezaji wa mpira, wengine wakaweka akiba yao ya miaka humo wakijua ni uwekezaji, kumbe kisheria kila hisa ni beti. Machi 2021 ikaanguka, leseni ikasimamishwa, watu wakapoteza mamilioni ya pauni, na serikali ilisema wazi haitatumia hela za umma kuwafidia. Kwa hiyo nawaambia wateja wangu wote, na nitaendelea kuwaambia hata wakinuna, hata usiku mmoja ni mrefu sana kuacha salio kwenye akaunti ya kubeti. Ukishinda, toa yote.

Nyingine, "nitawashtaki kwa mdhibiti wanilipe." Mdhibiti wa Uingereza hasuluhishi kesi ya mteja mmoja mmoja, taarifa yako anaitumia kuichunguza kampuni. Unaanza na kampuni yenyewe, ina wiki 8, ikishindikana unaenda kwa msuluhishi huru kama IBAS, ambaye kwa mteja ni bure. Tunza skrinshoti za kila kitu, za mkeka, za masharti ya bonasi siku ile ile uliyoikubali, maana hapo ndipo kesi nyingi zinafia.

Kuhusu sloti, mtu akiona imeandikwa inarudisha asilimia 96 anadhani akiweka 100 anarudishiwa 96. Hapana, ni wastani wa mizunguko mamilioni ya watu wote, wewe jioni moja unaweza kumaliza zote. Na mdhibiti hapangi odi, yaani beti ikishinda inalipa mara ngapi, hiyo ni biashara ya kampuni.

Kuna na hawa wa "nilijizuia kucheza kwa hiyo niko salama kote." Gamstop, huduma ya Uingereza unayojiandikisha ili uzuiwe kucheza, inakufungia kampuni za mtandaoni zenye leseni ya huko tu, tangu Machi 2020 ni lazima zote ziwemo. Saiti zisizo na leseni hazimo, na nyingine zinakutafuta makusudi kwa kujitangaza kwamba hazimo, kwa hiyo mwombe benki yako nayo ifunge malipo ya kamari.

Halafu nembo. Ile picha ya mdhibiti chini ya saiti mtu yeyote anaweza kuibandika. Fungua rejista ya mdhibiti mwenyewe, iko wazi kwa kila mtu, tafuta nambari ya leseni, angalia kama iko hai, kama kuna adhabu, halafu linganisha anwani ya saiti herufi kwa herufi na zilizosajiliwa. Yule jamaa wa saa nne usiku nilimwambia anitumie linki. Nembo unaibonyeza haifunguki popote, nambari ipo kweli ila ni ya kampuni nyingine, na anwani imezidi herufi moja. Asubuhi tukaanza na benki yake.